Jike Amejifungia Ndani ya Gamba

SWALI: Shikamoo mzee. Nina tangi la lita 300 lenye samaki wa Ziwa Tanganyika aina ya Lamprologus callipterus. Dume ana sentimita 12, majike hawafiki 6. Dume hubeba magamba ya konokono kwa mdomo na kuyarundika pembeni. Leo ni siku ya saba jike mmoja hajatoka ndani ya gamba. Nimtoe? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimguse! Huyo haumwi, analea. Amebandika mayai ndani ya gamba, dume akamwaga mbegu mlangoni kwa sababu mwili wake hauingii. Sasa mama anayapepea maji kwa mapezi, na kazi hiyo huchukua siku 10 hadi 14. Mimi wa kwanza wangu nilimtikisa nje nikidhani amekwama. Mayai yakamwagika, na roho inaniuma hadi leo.

Usiongeze dume mkubwa wa pili. Madume huibiana magamba, hata yenye jike ndani, na jike hufukuzwa humo. Maji yabaki nyuzi 25 au 26.

Halafu chunguza jambo hili, kwangu ndilo la ajabu kuliko yote: wapo madume vibeti, wadogo kuliko hata majike. Wamezaliwa hivyo, ni urithi wa baba. Kibeti hunyemelea, akajipenyeza kando ya jike hadi ndani kabisa, akarutubisha mayai huku mwenye rundo akilinda nje. Kwa hiyo ukiona kisamaki chembamba kinazungukazunguka rundo, usikihamishe ukidhani ni kifaranga.