Seli Shina Hugandishwaje Bila Kufa?

SWALI: Ndugu Daktari, kaka yangu anaugua saratani ya uboho. Amevunwa seli shina zake mwenyewe, yaani seli mama zinazozaa chembe za damu, akaelezwa kwamba zitagandishwa, kisha atarudishiwa baada ya dawa kali. Je, kitu chenye uhai hugandishwaje bila kufa, na maabara huufanyia nini mfuko wenye seli hizo?

JIBU: Ndugu Msomaji, wasiwasi wako una msingi, kwa sababu maji yaliyomo ndani ya seli yakiganda ovyo hufanya fuwele za barafu zinazotoboa utando wake, na seli iliyotobolewa haifufuki.

Kwanza wataalamu huhesabu. Sampuli ndogo hupitishwa kwenye mashine ya leza inayotambua seli zenye CD34, alama inayotambulisha seli shina, nazo kwa kawaida hutakiwa zisipungue milioni 2 kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa. Mwenye kilo 70, basi, huhitaji angalau milioni 140. Sampuli nyingine huoteshwa ili ibainike kama bakteria wameingia.

Kazi ya kugandisha ndiyo yenye ufundi zaidi. Seli huchanganywa na dawa ya kinga iitwayo DMSO, mara nyingi kwa kiwango cha asilimia 10, kisha mfuko hupoozwa taratibu, takriban nyuzi 1 kwa dakika, ili maji yapate nafasi ya kutoka ndani ya seli kabla hayajawa barafu. Baadaye huhifadhiwa katika mvuke wa nitrojeni, kwenye baridi ya nyuzi 150 chini ya sifuri au zaidi, ambako huweza kukaa miaka mingi.

Kuyeyusha ni kinyume chake: hapo haraka ndiyo salama. Mfuko hutumbukizwa katika maji ya nyuzi 37, huku mtaalamu akiutomasa polepole mpaka barafu ikaribie kwisha, kwa kuwa DMSO ile ile iliyokinga seli kwenye baridi huzidhuru zikikaa nayo kwenye joto. Hata hivyo baadhi hufa, na ndiyo maana mimi humwelewa daktari anayevuna akiba ya ziada.

Laiti seli zingetoka kwa mtu wa kundi jingine la damu, huenda maabara ingelazimika kupunguza chembe nyekundu au utegili, yaani majimaji ya damu. Kwa kaka yako hilo halihusiki.

Siku atakapowekewa, msishtuke pumzi yake ikinuka kama kitunguu saumu: ni zao la DMSO linalotoka kupitia mapafu, na kwa kawaida harufu hiyo huisha baada ya siku moja au mbili.