Maswali ya Wasomaji: Kiongozi wa Kikundi cha Utafiti Hufanya Kazi Gani?

SWALI: Ninasomea baiolojia ya molekuli na nakusudia kuomba nafasi ya shahada ya uzamivu. Kila maabara kubwa ina orodha ndefu ya viongozi wa vikundi vya utafiti, lakini wenzangu waliotangulia wananiambia kwamba viongozi hao hawashiki tena pipeti, kile kifaa cha maabara cha kunyonyea na kupimia vimiminika, kwamba kazi yao ni kuandika maombi ya fedha na kuweka majina yao mwishoni mwa makala zilizotokana na jasho la wengine. Je, kazi yao hasa ni ipi, na nitamtambuaje aliye mzuri?
Mwanafunzi wa shahada ya uzamili

JIBU: Ndugu msomaji, wenzako hawajakosea, ila wamekueleza nusu ya habari. Ni kweli kwamba kadiri kikundi kinavyokua, viongozi wengi huiacha meza ya majaribio wakahamia kwenye meza ya kuandikia, ambako huomba ruzuku, huhakiki makala za wengine na kuajiri watu. Hata hivyo, si wote. Frederick Sanger, aliyetunukiwa Nobel ya Kemia mara mbili, mwaka 1958 na 1980, aliendelea kufanya majaribio kwa mikono yake katika Maabara ya Baiolojia ya Molekuli ya Cambridge, Uingereza, mpaka alipostaafu mwaka 1983.

Kuhusu jina la mwisho, hiyo ni desturi ya taaluma. Anayetajwa kwanza kwa kawaida ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya majaribio, na anayetajwa mwisho ndiye aliyeongoza kazi na atakayewajibika ikionekana ina kasoro. Dhuluma huingia pale kiongozi anapoichukua nafasi hiyo bila kuzipitia data.

Kwa maoni yangu, kazi kubwa ya kiongozi ni kuchagua swali linalostahili miaka ya watu, kisha kuwalinda watu hao wasikate tamaa kabla jibu halijapatikana. Mwanasayansi Max Perutz alianza kuuchunguza muundo wa himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, kwa eksirei mwaka 1937. Njia ya kuzisoma picha zake aliipata mwaka 1953, alipoonyesha kwamba atomi za zebaki zikipachikwa kwenye protini hiyo, fuwele yake hutoa alama zinazoweza kufasiriwa. Na umbo lenyewe likachapishwa mwaka 1960. Mtu aliyengoja kwa muda huo wote alijua thamani ya subira, na maabara ile ile ya Cambridge, ambayo aliiongoza kuanzia mwaka 1962 hadi 1979 ilijulikana kwa vikundi vidogo vilivyoachiwa uhuru mkubwa. Ndani ya vikundi vya namna hiyo kijana huonekana. Georges Köhler alikuwa mtafiti aliyemaliza uzamivu muda si mrefu alipojiunga na César Milstein, kiongozi wa kikundi katika maabara hiyo. Mwaka 1975 wakachapisha njia ya kutengeneza kingamwili za aina moja tu kutokana na seli zilizounganishwa, na mwaka 1984 wote wawili wakawa miongoni mwa waliotunukiwa Nobel.

Sehemu nyingine ya kazi hiyo huonekana katika mkutano wa kila wiki wa kikundi. Mwanafunzi huonyesha picha ya jeli, utando ambamo molekuli hutenganishwa kwa umeme, yenye mstari mweusi mahali alipoutarajia, na uso wake unang'aa. Kiongozi mzuri huuliza kwanza iko wapi sampuli isiyotiwa kimeng'enya, ya kulinganishia, kisha huuliza kama jaribio limerudiwa, na huyauliza hayo kwa sauti ambayo haimfanyi mwanafunzi aogope kuleta matokeo mabaya wiki inayofuata. Penye woga data hupambwa, na hilo nalichukulia kuwa hatari kubwa kuliko ukosefu wa fedha.

Nafasi yenyewe hupatikana kwa ushindani mkali, baada ya uzamivu na miaka kadhaa ya utafiti chini ya kiongozi mwingine. Masharti hutofautiana. Katika Maabara ya Ulaya ya Baiolojia ya Molekuli, iliyoanzishwa mwaka 1974 na yenye makao makuu Heidelberg, Ujerumani, viongozi wengi wa vikundi hukaa kwa miaka isiyozidi tisa, ili nafasi ziwafikie vijana wengine. Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus walifika huko mwaka 1978 wakiwa wangali vijana, wakagawana maabara moja, wakaketi pamoja kwenye hadubini ya watu wawili na kutazama viluwiluwi vya nzi wa matunda waliobadilika jeni, mmoja baada ya mwingine. Makala yao ilitoka mwaka 1980, na tuzo ya Nobel ikafuata mwaka 1995.

Kwa hiyo, kabla hujakubali nafasi, soma makala za kikundi hicho uone kama majina ya kwanza ni ya watu mbalimbali au ni ya kipenzi mmoja. Omba ruhusa ya kuhudhuria mkutano wao mmoja. Zungumza na wanafunzi wakati kiongozi hayupo, uwaulize huonana naye mara ngapi, na waliomaliza kabla yao wako wapi sasa. Na ikiwa mkataba wake una kikomo, muulize yeye mwenyewe bila kusita nani atakusimamia endapo utaisha kabla hujamaliza.