Uliza Fundi: Nivue 22R nifunge injini ya mkonga?

Toleo hili nafasi kubwa nampa msomaji mmoja wa Usagara, maana swali lake naulizwa sana hapa Mwanza na wengi wanakuja kuuliza wakati pesa imeshatoka mfukoni. Waliobaki nimewajibu kwa ufupi chini.

SWALI: Mwangaluka fundi. Nina Hilux fowili ya mwaka 1992, injini ni 22R ya petroli, mbele na nyuma ina springi za bapa. Asubuhi nabeba dagaa kutoka Kayenze na Igombe, wikiendi naenda shamba upande wa Misungwi na mvua ikinyesha ile mbuga nyeusi, udongo wa mfinyanzi, huwa inanilaza njiani. Petroli inanimaliza. Nimeshainyanyua kidogo na kuweka tairi za inchi 31, sasa nataka kuifunga dizeli iwe gari ya kazi na ya porini kabisa. Kuna jamaa anauza injini ya 1HZ, ile dizeli ya Land Cruiser tunayoiita mkonga, injini tupu bila giaboksi, anasema inaingia tu ukikatakata kidogo. Fundi wangu anasema niweke 3L, dizeli ya Toyota. Mwingine anasema 1KZ ndo mwanaume. Nimsikilize nani?
Msomaji, Usagara

JIBU: Mhola ndugu yangu. Msikilize fundi wako, weka 3L, ila usinunue injini tupu. Tafuta gari la kuchinja, Hilux ya dizeli iliyopata ajali nyuma au iliyooza bodi, uchukue kila kitu kuanzia rejeta mpaka mwisho wa giaboksi. Hilo la gari la kuchinja ndo muhimu kuliko hata aina ya injini, nitalirudia.

Tuanze na 1HZ. Injini naipenda sana, cc 4164, silinda sita kwenye mstari mmoja, haina turbo, haina kompyuta, pampu yake fundi yeyote wa dizeli anaifungua, ndo maana mkonga unaukuta migodini Geita, unaukuta hifadhini, unaukuta kwenye kila mradi wa porini. Lakini ile sehemu ya injini kwenye Hilux yako imetengenezwa kwa silinda nne. Ukiweka sita kwenye mstari, au rejeta inasogea mbele mpaka inakaa nje ya eneo lake na feni haipati nafasi, au unakata ule ukuta wa bodi unaotenganisha injini na miguu yako, na hapo pedeli, hita, nyaya, vyote vinahama. Hiyo "kukatakata kidogo" anayosema jamaa ndo kazi yenyewe. Halafu uzito, pua ya gari ikilemewa kwenye mbuga ya Misungwi inazama kwanza mbele, na springi zako za mbele hazikupimwa kwa mzigo huo. Halafu nguvu ya kuzungusha, 1HZ inatoa kama Nm 285, 22R yako iko kwenye 190 hivi, maana yake klachi, giaboksi, propela na difu za Hilux zote zinabebeshwa kitu ambacho hazikuumbiwa. Kinaweza kufanyika na kuna waliofanya vizuri, ila ukimaliza kulipa kila kitu utakuwa umekaribia bei ya Land Cruiser chakavu inayotembea. Kama roho yako iko kwenye 1HZ, kwa kweli bora uuze Hilux utafute mkonga.

1KZ nayo ina nguvu, lita 3.0 na turbo, kwenye lami utaifurahia. Ile 1KZ-TE pampu yake inaendeshwa na kompyuta, kwa hiyo usipopata nyaya zake zote na sensa zake zote utakaa gereji miezi. Na silinda hedi yake haivumilii joto, ikichemka vibaya mara moja hedi inapasuka. Gari inayojikokota kwenye tope kwa gia ya chini, feni inavuta hewa ya moto, dereva anaangalia njia haangalii geji... mimi hapana.

3L ni cc 2779, ndugu wa 2L na 5L, familia moja. Toyota wenyewe waliuza Hilux ya umbo hilo hilo na injini hizo, kwa hiyo chesisi yako haishangai, maunti za dizeli zipo, sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, inapita juu ya difu ya mbele bila kuikata, giaboksi yake na transfa yake, ile inayogawa nguvu kwenda mbele na nyuma, vinakaa pale pale. Ukibahatika kupata 5L, lita 3.0, chukua hiyo, kazi ya kufunga ni ile ile.

Lakini nikuambie ukweli ambao muuzaji hakuambii: 3L haina nguvu kuzidi 22R yako. Farasi zake ni 90 na kidogo, na hapa kwetu ziwa lenyewe liko mita zaidi ya 1,100 juu ya bahari, hewa ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya kumi, injini isiyo na turbo inalisikia hilo. Utakachopata ni mafuta kutumika kidogo, na kuvuta kwa mzunguko wa chini bila kuzimika, na hicho ndo kitu unachokihitaji kwenye tope na kwenye mchanga wa Igombe. Mbio usitegemee.

Ndo maana tairi zako za 31 zinanihusu. Tairi hiyo ina kimo cha sentimita 78 hivi, mzunguko mmoja inatembea kama mita 2.45. Ukiwa kilomita 100 kwa saa tairi inazunguka mara 680 kwa dakika. Zidisha na namba ya difu, yaani propela inazunguka mara ngapi tairi ikizunguka mara moja, kama ni 4.10 basi kwenye gia ya nne, ile inayokwenda moja kwa moja, injini iko kwenye 2,800 hivi, ukitia ya tano inashuka karibu 2,400 na 3L iliyobeba dagaa hapo inachoka, utajikuta unarudi gia ya nne kila kilima. Ukiwa na difu ya 4.88, gia ya tano inakuweka 2,800 na gari inavuta. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote ingia chini ya gari, nyanyua nyuma, tairi zote mbili ziwe juu, chora chaki kwenye propela na kwenye tairi, zungusha tairi zote mbili kwa pamoja mzunguko mmoja kamili huku mwenzako anahesabu propela imezunguka mara ngapi. Ndo difu yako hiyo. Ukibadilisha ya nyuma lazima ya mbele ifanane, la sivyo siku ukitia fowili kwenye njia ngumu transfa inapasuka.

Sasa gari la kuchinja. Watu wanahesabu bei ya injini wanasahau vinavyoifuata, na hivyo vikinunuliwa kimoja kimoja pale Mabatini na Buzuruga mara nyingi vinafikia bei ya injini yenyewe. Lile kava la klachi linaloshika injini na giaboksi, la 22R halikai kwenye 3L, kwa hiyo chukua giaboksi ya dizeli na transfa yake, flaiwili yake, klachi yake. Propela zinaweza kuwa fupi au ndefu, chukua zote mbili uzipime. Rejeta ya dizeli na lile kava la plastiki linalozunguka feni, kava hilo wengi wanalitupa, halafu wanashangaa gari inachemka ikiwa inatembea polepole. Boksi la ea klina. Chujio la dizeli lenye pampu ya mkono juu, maana ndo kinachotoa hewa na ndo kinachokamata maji. Taima na rilei ya hita plagi, zile zinazopasha moto silinda kabla ya kuwasha, pamoja na nyaya zake, usikubali fundi akufungie swichi ya kubonyeza kwa kidole, siku moja utaisahau na hita plagi zote nne zitaungua. Geji ya mzunguko nayo, ya petroli inasoma kutoka kwenye koili na dizeli haina koili.

Na breki, hapa nisikilize vizuri. Injini ya petroli inavuta hewa kupitia kabureta na mvuto ule ule ndo unaosaidia breki. Dizeli haina mvuto huo. Kwenye 3L kuna vakyumu pampu ya kutengeneza mvuto huo, imeshikana nyuma ya altaneta, na altaneta isiyo na pampu hiyo inaingia vizuri tu, inachaji vizuri tu, gari inawaka, unashuka mteremko wa kwanza unakanyaga pedeli iko ngumu kama jiwe la Bismarck. Hakikisha altaneta ina pampu, ina bomba la oili linaloingia na linalotoka, na bomba la breki lina valvu yake ya kuzuia hewa isirudi.

Tenki lazima lishuke lioshwe, pampu ya umeme kama ipo itoke, na bomba la kurudisha mafuta lazima lipite wazi kwa sababu pampu ya dizeli inarudisha mafuta mengi tenkini.

Ukienda kuona injini nenda asubuhi, na kitu cha kwanza weka kiganja kwenye bloku. Kama ni ya moto muuzaji ameshaiwasha kabla hujafika, mwambie utarudi. Ikiwa baridi iwashwe mbele yako. Moshi mweupe kidogo mwanzoni unasameheka, ukiendelea hata ikipata moto ondoka, wa buluu ni oili. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma, kigeuze ukilaze pale pale juu ya tundu, kikitetemeka tu sawa, kikirushwa ringi zimeisha. Fungua rejeta kabla haijapata moto uangalie mapovu, mapovu yasiyokwisha maana yake gesi inapita kwenye hedi, na hedi za familia hii nazo zinapasuka zikichemshwa. Mwisho pima kompresheni silinda zote nne, kwenye 3L zikipishana zaidi ya kilo 5 achana nayo. Na taimingi belti badilisha hata kama inaonekana mpya, kazi yake ni kilomita 100,000 na hujui imetembea ngapi.

Usivue 22R mpaka kila kifaa kiwe kimelala stoo kwako umekigusa kwa mkono, fanya kazi Juni mpaka Agosti njia zikiwa kavu ili upate muda wa kuijaribu, na 22R yako usiiuze mpaka dizeli imemaliza walau mwezi barabarani.

SWALI: Shikamoo fundi. Pikapu yangu natumia kuvuta mtumbwi wa injini kutoka ziwani, narudi kinyumenyume mpaka maji yanafika kwenye difu. Oili ya difu imekuwa kama chai ya maziwa. Sili ni mpya. Maji yanaingia wapi?
Msomaji, Sengerema

JIBU: Marahaba mwanangu. Yanaingia kwenye kipumulio, kile kifuniko kidogo juu ya eksili. Difu ikitoka barabarani ina joto, ukiizamisha ghafla kwenye maji ya ziwa hewa ya ndani inajikunja na kunyonya chochote kilicho karibu. Ondoa kifuniko hicho, funga mpira wa mafuta, upandishe mpaka juu karibu na mfuniko wa tenki, mdomo wake utazame chini na uwe na kichujio kidogo. Giaboksi na transfa vifanyie hivyo hivyo. Halafu ukifika ufukweni subiri gari ipoe kabla hujaingia majini. Oili iliyochanganyika imwage leo, ukichelewa bearing zinapata kutu.

SWALI: Fundi, dizeli haina plagi wala nyaya za moto wa kulowa, kwa nini watu wanahangaika na mkonga, lile bomba la kuvuta hewa kutoka juu? Si inapita tu majini?
Msomaji, Magu

JIBU: Hapo hapo ndo hatari ilipo. Petroli ikilowa mara nyingi inazimika kabla haijameza maji. Dizeli haizimiki, inaendelea kunguruma huku inavuta, na maji hayabanwi. 3L inabana hewa mara 22, nafasi inayobaki juu ya pistoni ni ndogo mno, maji kidogo tu yakiingia konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, inapinda. Mkonga ufungwe usivuje mpaka kwenye ea klina, jaribu hivi: washa injini, ziba mdomo wa juu kwa kiganja, injini izime yenyewe. Isipozima kuna tundu, litafute. Ikikuzimikia ndani ya maji usipige staata hata mara moja, vuta gari nje, toa nozeli au hita plagi, zungusha kwa mkono maji yatoke.

SWALI: Naweza kuifungia 3L yangu turbo ya mtumba ili ifidie hewa ya huku kwetu?
Msomaji, Nyakato

JIBU: Unaweza, kwa presha ndogo, nusu ya baa usiizidishe, na kwanza weka geji ya joto la egzosi. Kama rejeta na hedi yako si salama kwa asilimia mia, acha.

SWALI: Nimeshabadilisha injini kutoka petroli kwenda dizeli. Kadi ya gari bado ina namba ya zamani. Kuna shida?
Msomaji, Igoma

JIBU: Ipo kubwa, kaka. Namba ya injini, ujazo wake na aina ya mafuta vyote viko kwenye kadi, trafiki akifungua boneti visipofanana wewe ndo wa kujieleza, na bima siku ya ajali watapata sababu ya kukuzungusha. Peleka gari ikakaguliwe na polisi wa usalama barabarani, kisha nenda TRA na ripoti hiyo pamoja na karatasi ya mauziano ya injini ili kadi irekebishwe. Karatasi hiyo ndo inayowakwamisha wengi, kwa hiyo kama bado una namba ya simu ya aliyekuuzia mtafute leo akuandikie na asaini, iwe na namba ya injini na namba ya chesisi ya gari ilikotoka.