Nisimame wapi? Maswali ya walimu wasaidizi wa chekechea

Barua za safari hii nyingi zimetoka kwa walioanza kazi ya usaidizi katika madarasa ya watoto wa miaka miwili hadi mitano. Tumejibu zile zinazogusa wengi.

Mwalimu wa darasa akiwa anafundisha mkekani, mimi hubaki nimesimama nyuma nisijue la kufanya. Nikikaa naonekana mvivu, nikizunguka nawavuruga watoto. Msaidizi anatakiwa awe wapi hasa?

Kaa chini mkekani pamoja na watoto. Mtu mzima akisimama nyuma yao, watageuka kumtazama, na akianza kuita majina kutoka huko anakuwa amefungua somo la pili. Keti kati ya wale wawili wasioweza kukaa jirani bila kusukumana. Mmoja akianza kupotea, mguse begani au umwelekezee kidole kwenye picha anayoonyesha mwalimu. Usiseme "nyamaza", maana neno hilo litasikiwa na darasa zima. Na macho yako yawe kwa mwalimu, kwa sababu watoto hufuata unakotazama.

Wakati wa kucheza kwenye kona, mambo hugeuka. Hapo msaidizi huenda mahali ambapo mwalimu wa darasa hayupo. Mwalimu akiwa amepiga magoti kwenye meza ya rangi na mgongo ameupa chumba, chumba kizima ni chako. Chagua mahali ambapo mgongo wako uko ukutani na unaona mlango, kona ya matofali na njia ya chooni kwa pamoja. Ukitaka kuketi na kikundi, geuza kiti kwanza. Kosa tunaloliona mara nyingi ni watu wazima wawili kusimama pamoja wakizungumza, hata kama mazungumzo yenyewe ni ya kazi, huku nusu ya chumba haina jicho.

Kisha kuna kuhesabu. Hesabu watoto kabla ya kutoka nje, mkishafika nje, kabla ya kurudi, na mkishaingia ndani. Usihesabu vichwa peke yake. Shika orodha ya waliofika leo na ulinganishe jina na uso, kwa kuwa watoto hutembea ukiwa katikati ya kuhesabu, na mmoja anaweza kuhesabiwa mara mbili huku mwenzake yuko chooni. Ukipata 17 na orodha inasema 18, hakuna anayesogea mpaka wa 18 aonekane. Mtoto akichukuliwa mapema na mzazi, liwekee alama jina lake dakika ileile, la sivyo mtamtafuta mtoto aliyekwisha kufika nyumbani.

Kila tunapotoka kwenye michezo kwenda kunawa na kula, darasa hulipuka. Wanasukumana, wengine wanalia, mmoja hujificha chini ya meza. Tunakosea wapi?

Karibu kila mara kosa ni foleni. Chukua watoto 20 na mabomba mawili: kila mmoja akitumia nusu dakika tu, wa mwisho atasubiri karibu dakika tano akiwa hana kitu mkononi. Na nusu dakika yenyewe ni ndogo, maana kusugua kwa sabuni peke yake kunahitaji sekunde 20. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kusubiri hivyo bila kumgusa wa mbele yake, na huo si utovu wa adabu.

Dakika tano kabla ya muda, pita kila kona, chuchumaa, uwaambie wanachoweza kumaliza: "Weka matofali matatu ya mwisho." Ukisema "zimebaki dakika tano" hawatakuelewa, ila matofali matatu wanayaelewa. Mwalimu wa darasa anapoanza kukusanya vifaa na wengi, wewe tangulia na watoto wanne bombani. Wengine wabaki na wimbo au hadithi, na kila anayerudi amguse mmoja aende. Kunja mikono ya nguo zao kabla hujafungua maji. Linaonekana jambo dogo, lakini nguo sita zilizolowa ni robo saa ya kubadilisha.

Anayejificha mara nyingi ni yule ambaye kazi yake imevunjwa ghafla. Weka kikaratasi chenye jina lake juu ya mnara wake ili aurudie baadaye, kisha umpe kazi ya kubeba taulo. Atatoka bila kuvutwa.

Kuna mtoto wa miaka miwili na nusu chumbani kwetu anayewang'ata wenzake. Wazazi wa walioumizwa wana hasira. Nifanye nini, na niwaambie nini?

Ingia kati yao mara moja. Mwambie aliyeng'ata kwa sauti ya chini na kwa maneno machache: "Kung'ata kunaumiza. Sitakuruhusu." Kisha mgeukie aliyeumia, maana yeye ndiye mwenye haki ya muda wako. Osha mahali palipong'atwa kwa sabuni na maji, uweke kitambaa chenye maji baridi. Kama ngozi imechanika, mwalimu wa darasa na mzazi waambiwe papo hapo, na mtoto aonwe na daktari siku hiyo. Kelele zako zinaweza kuwa ndizo kitu cha kusisimua kuliko vyote alivyopata asubuhi hiyo, naye atazitafuta tena. Kumng'ata ili "aonje" ni kumfundisha kwamba mkubwa akikasirika hung'ata. Usifanye hivyo, wala usikubali mtu mwingine afanye.

Kazi kubwa inafuata. Kwa wiki moja andika kila tukio: saa ngapi, kona gani, nani alikuwa karibu, na nini kilitokea dakika moja kabla. Bila maandishi utakumbuka tukio baya zaidi tu. Ukiwa nayo, sura itaonekana. Huenda hung'ata kabla ya chakula, basi chakula kije mapema. Huenda ni pale wanapogombea kitu kimoja, basi wekeni viwili au vitatu vinavyofanana. Huenda kona ni nyembamba na anabanwa, basi sogezeni rafu. Magego ya nyuma nayo huota katika umri huu, na hapo kitu safi na baridi cha kutafuna husaidia.

Saa yake ya hatari ikishajulikana, kaa umbali wa mkono mmoja kutoka kwake saa hiyo, siku kadhaa mfululizo. Ukimwona anajikaza au anasogeza mdomo, zuia kwa kiganja na umpe neno: "Sema: sitaki!" Watoto wengi wa umri huu hung'ata kwa sababu maneno hayaji upesi kama hasira.

Kwa wazazi, eleza kilichotokea, mlichofanya, na mnachobadilisha kuanzia kesho. Usitaje jina la aliyeng'ata, hata kama mtoto wao amekwisha kulitaja.

Unga wa kuchezea tunaoutengeneza hunata siku ya kwanza, na siku ya tatu umekuwa mgumu. Vipimo sahihi ni vipi?

Vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi laini, vijiko 2 vikubwa vya mafuta ya kula, na robo tatu ya kikombe cha maji ya vuguvugu ambayo rangi imekwisha kukorogwa ndani yake. Ukiona unga bado umekauka, ongeza maji kijiko kwa kijiko. Kanda dakika tano au zaidi, kisha uache upumzike dakika kumi kabla ya kuhukumu. Wengi hukosea hapo: wanaona unanata, wanamwaga unga mwingine, nao ule wa kwanza ulikuwa bado unanyonya maji. Ugumu wa siku ya tatu huanzia hapo. Hifadhi kwenye chombo chenye mfuniko unaobana, na ukiona ukungu utupe wote.

Chumvi hiyo nyingi huzuia unga usiharibike upesi, lakini ikiliwa ni hatari kwa mtoto mdogo. Kaa mezani na wale ambao bado hutia kila kitu kinywani. Mwenye mzio wa ngano atengenezewe unga mwingine, na meza ifutwe kabla hajaketi.

Watoto huniletea mkasi na kusema "nikatie". Nikikataa wanalia, nikikubali mwalimu wa darasa ananilaumu.

Mwalimu wako ana haki, ila kukataa peke yake si msaada. Tafuta sehemu moja inayomshinda. Karatasi nyembamba hujikunja katikati ya mkasi, kwa hiyo anza na vipande vya karatasi ngumu vyenye upana wa sentimita 2, ambavyo hukatika kwa pigo moja. Chora nukta kwenye ukucha wa dole gumba na umwambie aione muda wote anapokata: mkono utakaa sawa, kiwiko karibu na mbavu. Siku ya kwanza wewe shika karatasi, yeye akate. Baadaye ashike mwenyewe, na kwenye kona ageuze karatasi, si mkasi. Anayetumia mkono wa kushoto apewe mkasi wa kushoto, kwa sababu ule wa kulia humficha mstari anaoufuata.

Maneno nayo tunawakatia watoto. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu wengi husubiri jibu kwa sekunde 1 hivi tu. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, na waliokuwa kimya wakaanza kusema. Ukimwuliza mtoto wa miaka mitatu, hesabu kimoyomoyo hadi tano kabla ya kumsaidia.

Mzazi aliniuliza mlangoni kama mwanawe yuko nyuma ya wenzake. Nilisema ukweli kwamba haongei sana. Mwalimu wa darasa alikasirika. Nilikosea?

Ulitoa hukumu mahali palipohitaji ushahidi. "Haongei sana" ni hukumu. "Saa 4:10 alimwomba mwenzake koleo kwa maneno mawili" ni kitu ulichokiona. Mtoto anayenyamaza kwenye kundi anaweza kuwa msemaji kwenye kona ya wanasesere, au nyumbani kwao wanatumia lugha nyingine. Tembea na kadi ndogo mfukoni, andika tarehe, saa na maneno ya mtoto kama alivyoyasema, mistari miwili inatosha. Ijumaa mkabidhi mwalimu wa darasa.

Mlangoni, mwambie mzazi jambo moja la leo: "Amejenga daraja na mwenzake, wakapitisha gari juu yake. Kuhusu maendeleo yake, mwalimu wa darasa atakupangia muda mkae mzungumze." Kisha mweleze mwalimu siku hiyohiyo, kabla mzazi hajarudi kesho asubuhi.