Kwa mnaoniuliza kama muuze kiwanja mje Guangzhou

Wazee wangu shikamooni, wadogo zangu habari za Arusha. Tangu binamu yangu arudi kutoka huku kununua viatu, simu yangu haitulii. Amewasimulia watu wa Ngarenaro kwamba Guangzhou, huku China, ni mji wa maana, kwamba noti hakuna anayezishika na kwamba mimi nimetulia. Sasa kuna wanaotaka kuuza viwanja waje kuishi. Nawajibu wote kwa pamoja.

Aliyoyasema ni kweli. Mnara wa Canton (jina la zamani la Guangzhou) una mita 600, na usiku unawaka rangi zote kando ya Mto Zhujiang. Hata anayechoma viazi vitamu barabarani unamlipa kwa kuskani kwa simu karatasi ya msimbo aliyobandika kwenye toroli. Mwanamke anatembea saa saba usiku na mkoba begani bila wasiwasi, jambo ninalolipenda mpaka leo. Ukitokeza stesheni ya treni ya Xiaobei unakutana na Waafrika wenzako, mkate wa tanuri wa Waighuri, Waislamu wa magharibi mwa China, nyama ya halali na maduka ya kusafirisha mizigo. Mgeni anaona kama amefika kwao.

Lakini huyo mgeni analala hotelini, anazunguka masoko ya jumla ya Sanyuanli na Zhanxi, anafunga mzigo, anapanda ndege. Kupanga chumba hajui kukoje. Sisi tusiolala hotelini tunatakiwa kujiandikisha polisi ndani ya saa 24 tangu kufika, na wenye nyumba wengi wakiona pasipoti ya kigeni wanasema chumba kimeshachukuliwa. Vya bei nafuu viko kwenye vijiji vilivyomezwa na mji, ambako majengo yamebanana kiasi kwamba ukifungua dirisha unaweza kumpa jirani wa jengo la pili chumvi mkononi. Jua halifiki ndani. Mwezi wa tatu na wa nne unyevu ukiingia, kuta zinatoa maji na viatu vya ngozi vinaota ukungu kabatini. Ukifunga duka Arusha saa kumi na mbili jioni, kwangu ni saa tano usiku, na WhatsApp haifunguki bila programu ya kuvuka kizuizi cha mtandao (VPN). Wanaolalamika kwamba sijibu, mnisamehe, sababu ndiyo hiyo.

Halafu viza, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Viza ya biashara inakuruhusu kuja kununua, haikuruhusu kufanya kazi. Sheria iliyoanza kutumika Julai 2013 iko wazi: ukizidisha muda, faini ni yuani 500 kwa kila siku mpaka 10,000, au unawekwa ndani siku 5 hadi 15. Ukikamatwa unafanya kazi bila kibali, faini ni kati ya yuani 5,000 na 20,000. Na kazi yenyewe ipo wapi? Kupakia mizigo ghalani kunafanywa na Wachina waliotoka mikoani. Kuna kijana wa kwetu viza ilimwishia, akawa hatoki mchana, mlango ukigongwa anazima taa. Mama yake Moshi aliamini mwanawe anachuma. Iliniuma sana, na ndiyo maana nawaandikia leo.

Kwa hiyo kiwanja msiuze kwa ajili ya kuja kuishi. Mwenye duka na mtaji aje anunue, arudi kwake.

Anayekuja kwa viatu ashike sampuli mwenyewe: akunje soli mpaka ncha ikutane na kisigino, aangalie kama gundi inaachia pembeni, asugue rangi kwa kitambaa cheupe chenye maji. Ikimridhisha, asaini kwa kalamu ndani ya kiatu cha kushoto abaki nacho, cha kulia amwachie muuzaji. Alipe asilimia 30, iliyobaki alipe baada ya kukagua mzigo, na katoni azifungue za katikati, maana za juu hupangwa vizuri. Akumbuke kwamba kwenye meli analipia ujazo, na viatu ni vyepesi lakini vinajaza nafasi. Bei ya jozi sokoni bila hesabu ya usafiri na ushuru wa Dar ni nusu ya habari.

Maonyesho ya biashara ya Canton yapo tangu 1957, hufanyika masika na vuli ya huku. Ni ya wanaoagiza kontena zima, na hoteli hupanda bei. Mwenye mtaji mdogo, kwa maoni yangu, anapata zaidi Sanyuanli. Ila asije karibu na mwaka mpya wa Kichina, Januari au Februari, viwanda hufungwa kwa wiki kadhaa.

Binamu anarudi huku mwezi wa kumi. Anayetaka kuongozana naye aniandikie kabla hajalipia tiketi: anauza nini, ana shilingi ngapi, duka liko wapi. Nitampigia hesabu yote, na kama hailipi nitamwambia abaki.