Diski ina nafasi kibao, mbona naambiwa imejaa?

SWALI: Fundi mambo? Laptopu yangu kuukuu tu, ram giga 4, juzi nimeitoa Debian 12 (ile Linux) kwenda 13 ikakubali bila noma. Sasa jana nafungua zipu ya video za harusi ya dada, giga 3 hivi, nikaifungulia kwenye /tmp, folda ya vitu vya muda, kama nilivyozoea, ikakata katikati eti nafasi hakuna, na diski ina giga 180 tupu! Kupiga df -h (amri ya kuangalia nafasi) naona mistari ya tmpfs kibao, ndo virusi au? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Virusi hapana ndugu yangu, hiyo ni ram. Tmpfs ni folda inayokaa kwenye ram, ukizima mashine vyote kwishnei. Kuanzia Debian 13, ukiinstoo upya au ukipandisha toleo kama wewe, bila kugusa kitu /tmp nayo imepelekwa huko, na kikomo chake ni nusu ya ram, kwahiyo wewe una giga 2 kasoro, giga 3 zitaingiaje?

Ile mistari mingine kama /run ipo siku nyingi na ina sababu. Ukiwasha, keneli (kiini cha mfumo) inaamka diski bado haijafunguliwa, na dereva za kuifungulia ziko humohumo kwenye diski, sasa hapo unafanyaje? Inapewa furushi dogo linaitwa initramfs, linafunguliwa ndani ya ram, lina dereva na vitu vya kutafutia diski (hata kukuuliza paswedi kama umeifunga), ikishapatikana furushi linafutwa. Ni kile kibanda cha mabati mafundi wanachoanza nacho kabla nyumba haijasimama. Ila /run, iliyoanzia humo kwenye furushi, haifutwi, inahamishwa ilivyo mpaka kwenye mfumo wenyewe, ndo maana programu zina pa kuandikia tangu sekunde za mwanzo.

Kwako wewe zipu kubwa fungulia /var/tmp, hiyo iko kwenye diski kweli, au home kabisa. Ukitaka /tmp irudi ya zamani piga sudo systemctl mask tmp.mount halafu ristati. Kuna watakaokwambia ongeza saizi ya hiyo tmpfs kwa remount (kuipachika upya na kikomo kipya), inawezekana, ila kwa ram ya giga 4 mimi sikushauri, ikibana vitu vinamwagwa kwenye swapu (sehemu ya diski inayosaidia ram) na mashine inaanza kukokota ukiwa na brauza tabo tano tu.

Na yale mabaki ya jana yafute kwanza, yanakula ram mpaka sasa hivi kama hujazima.