Sombrero Ziacheni Dukani: Ushauri kwa Aliyepewa Kamati ya Mwezi wa Walatino

Juzi binti mmoja aliyeko Dallas kaniandikia: "Shikamoo dada. Hapa kazini nimeingizwa kwenye kamati ya Mwezi wa Urithi wa Walatino. Wenzangu wanataka tununue sombrero, zile kofia pana za Kimexico, na maraka za kutikisa, tumwage chipsi za mahindi mezani, tumalize. Wewe umekaa nao sana, nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Umemuuliza mtu mwenyewe.

Kwanza tarehe, maana hapo wengi huchemka. Mwezi huu, ambao hapa Marekani huwaenzi watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, unaanza Septemba 15 na kuisha Oktoba 15. Umekaa kombo hivyo kwa sababu Septemba 15 ni siku ya uhuru wa Guatemala, El Salvador, Honduras, Nicaragua na Costa Rica, uhuru wa mwaka 1821. Mexico wao ni tarehe 16, Chile 18. Serikali ya Marekani ilianza na wiki moja tu mwaka 1968, ikawa mwezi mwaka 1988. Ile Cinco de Mayo, yaani Mei 5, ya matangazo ya bia si uhuru wa mtu yeyote. Ni kumbukumbu ya vita vya Puebla vya 1862, Wamexico walipowachapa Wafaransa. Ukichanganya mambo haya mbele ya Mmexico atatabasamu tu, lakini kashakupima.

Sasa nikueleze nilivyowajua. Nilipofika Houston niliwatafuta kwanza watu wa nyumbani. Nikaenda kwenye mkutano wao nimevaa koti la kuazima, nikaeleza shida yangu, nikaambiwa "tutakupigia". Simu hiyo naisubiri mpaka leo. Wanaojijua wanajijua, na sasa hivi wananialika kwenye meza za mbele.

Aliyenishika mkono ni mama mmoja wa Santa Ana, El Salvador, tuliyekuwa tukisafisha naye ofisi usiku. Kiingereza chake na changu vyote vilikuwa vya kuokoteza. Akaniingiza kwenye cuchubal yao. Ni upatu ule ule: siku ya mshahara kila mmoja anatoa fungu sawa, na kwa zamu mmoja anabeba zote. Wamexico wanauita tanda. Hakuna karatasi, hakuna riba, kuna jina lako na la aliyekudhamini. Mimi sikuwa na rekodi yoyote ya mikopo; benki isingenipa hata hela ya tairi. Mama yule akanipa mimi zamu ya mwanzo, yeye akachukua ya mwisho. Mnaocheza mnaelewa uzito wake: wa kwanza akitoroka, wa mwisho ndiye anayelia. Hela ile ilinilipia kozi ya kuwa msaidizi wa wauguzi. Leo mimi ni muuguzi mwenye leseni, na picha yangu imebandikwa kwenye korido kazini. Asiyeamini aje aone.

Kwa hiyo mtu akiniambia Walatino wametuletea taco na muziki wa kukatikia kiuno tu, moyo unanichafuka.

Mwaka jana nilipewa meza ya maonyesho pale kazini. Sikuweka sombrero hata moja. Niliweka picha ya René Favaloro, mtoto wa seremala kutoka La Plata, Argentina. Alikuwa daktari wa kijijini kwa miaka mingi kabla ya kuja Cleveland, na huko mwaka 1967 ndiko alikoiwekea msingi bypass ya moyo tunayoijua leo, upasuaji wa kupitishia damu kando ya mshipa ulioziba, kisha akarudi kwao kufundisha wengine. Pembeni nikaweka pakiti ya vidonge vya uzazi wa mpango na jina la Luis Miramontes, kijana wa miaka 26 aliyetengeneza norethisterone, homoni iliyokuja kutumika kwenye vidonge hivyo, katika maabara ya Mexico City mwaka 1951. Halafu picha ya Sylvia Mendez: wazazi wake, baba Mmexico na mama wa Puerto Rico, walizishtaki idara za shule huko California kwa kuwatenga watoto wa Kimexico, wakashinda rufaa mwaka 1947, miaka saba kabla ya hukumu ya Brown, ile iliyokataza kutenga wanafunzi kwa rangi shuleni, ambayo kila mtu hapa anaijua. Daktari bingwa wa moyo alisimama pale, akasoma, akauliza nani kaandaa. Nikasema mimi.

Muziki nao uwe na maana. Piga nyimbo za Celia Cruz, mwimbaji wa Cuba, kisha waambie kwamba mwaka 1974 alipanda jukwaani Kinshasa na bendi ya salsa ya Fania All-Stars, katika tamasha lililopangwa liende sambamba na pambano la Ali na Foreman. Waambie pia kwamba Morogoro tulikuwa na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, na kwamba santuri za Cuba zilichezwa sana kwetu. Hapo utaona Mcuba anavuta kiti.

Na jamani, ndugu zangu, acheni kumwita kila anayeongea Kihispania "Mmexico". Sisi tukiitwa Wanigeria tunanuna! Uliza nchi. Mbrazil haongei Kihispania, ni Kireno. Wapo Wadominika, Wapanama na Wagarifuna wa Honduras ambao utadhani ni wa Tanga mpaka wafungue kinywa. Tunapanda nao mabasi, tunafanya nao zamu za usiku, na bado kuna mtu ana miaka kumi hapa hajui jirani yake anatoka wapi. Ni aibu.

Chakula usijaribu kukipika wewe, mdogo wangu. Watafute akina mama wanaopika pupusa nyumbani, ile mikate ya mahindi ya El Salvador inayojazwa vitu ndani, uwaagize nusu za maharage na jibini, nusu za loroco, ambayo ni vichipukizi vya maua vyenye harufu yake ya pekee. Waombe waje na curtido ya kutosha, ile kabichi ya siki na karoti. Iwe imelala usiku mzima. Bei watakayokutajia usiishushe. Lipa taslimu, kabla hawajaondoka.